Tuliomba, Lakini Hatukungoja

Masomo: Luka 1:5-25 na Luka 1:57-79

  

Tumo katika majira ya Majilio, yaani Jumapili nne za kujitayarisha kabla ya Krismasi. Baadhi ya makanisa yetu huyashika majira haya, na mengine hayayashiki. Leo twataka kuwaeleza jambo tulilojifunza katika nyumba ya jirani zetu Wakatoliki.

Ndugu zetu hao wana orodha ya masomo ya Biblia kwa kila siku, iliyotolewa upya mwaka 1969 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, bali yale ya siku za kazi katika Majilio hurudi yale yale kila mwaka. Mwanzoni husomwa sana nabii Isaya. Kisha, tangu tarehe 17 Desemba hadi tarehe 24, isipokuwa siku ya Jumapili, Injili husimulia hatua kwa hatua mambo yaliyotangulia kuzaliwa kwa Bwana. Tarehe 17 ni ule ukoo katika Mathayo 1, ambao wengi wetu huuruka. Tarehe 18 ni Yusufu na ndoto yake. Tarehe 19 ni Zakaria hekaluni. Zafuata siku tatu za Mariamu. Tarehe 23 Yohana azaliwa, na asubuhi ya tarehe 24 Zakaria aimba.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Mwana wetu mmoja aliondoka nyumbani baada ya maneno makali juu ya shamba. Mwaka ukapita, na wa pili ukapita. Kila jioni tulimtaja katika maombi, lakini hatukumpigia simu hata mara moja. Tulisema, yeye ndiye mtoto, na aanze yeye. Hata sahani yake tulikuwa tumeacha kuiweka mezani.

Jioni ya tarehe 19 Desemba mama mmoja jirani alitualika kwake. Watu wa nyumba yake walikuwa wamewasha mshumaa, na binti yake akasoma habari za Zakaria. Twaijua habari hiyo tangu shule ya Jumapili. Mzee huyu aliingia hekaluni kufukiza uvumba, naye malaika akamwambia kwamba maombi yake yamesikiwa. Zakaria hakusadiki. Akauliza atajuaje, maana yeye ni mzee na mkewe amekwisha kuwa mkongwe. Akawa bubu.

Yule mama akafunga kitabu, akatuuliza kwa upole, "Majirani zangu, nyinyi mwamwombea kijana wenu arudi. Je, akibisha mlango usiku huu, mko tayari kumfungulia?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani kimya, kila mmoja na moyo wake.

Ndipo tulipomwelewa Zakaria. Luka asema alikuwa mtu mwenye haki, asiyelaumiwa katika amri za Bwana. Hakuwa ameacha imani, wala hakuwa ameacha utumishi wake. Ila sala yake ilikuwa imebaki mdomoni tu, na moyo wake ulikuwa umekwisha kufunga mlango. Mtu aweza kuomba jambo kila siku, na siku Mungu anapojibu, akashangaa kuliko watu wote.

Tuliendelea kwenda kwa jirani kila jioni. Kama tungalisoma sura nzima kwa mara moja, Zakaria angalifungwa kinywa na kufunguliwa kabla uji haujapoa. Lakini kwa kuwa tulisoma siku kwa siku, tulilala na ububu wake, tukaamka nao. Yeye mwenyewe aliubeba miezi tisa na zaidi. Naye hakuukimbia: alimaliza siku zake za zamu hekaluni, akaenda nyumbani kwake, akangoja.

Tarehe 23 tukafika pale Zakaria alipoomba kibao na kuandika kwamba jina la mtoto ni Yohana. Jamaa walikuwa wametaka mtoto aitwe kwa jina la baba yake. Mzee akaliacha jina lake mwenyewe, akalishika lile alilopewa na Mungu, na papo hapo ulimi wake ukafunguliwa. Usiku ule nasi tukaiacha heshima yetu tuliyoishikilia sana. Tukachukua simu, tukampigia mwana wetu.

Wapendwa, hakuja Krismasi ile. Tusiwadanganye. Lakini aliipokea simu, na baada ya kimya kirefu akauliza kama mama yake ni mzima. Mvua za mwezi wa Aprili zilipoanza, alikuja, akashika jembe bila maneno mengi. Mambo mengine bado twayazungumza hata leo.

Je, wewe msikilizaji, ni sala gani unayoisema kila jioni huku umekwisha kuondoa sahani mezani? Labda ni mume aliye mbali, labda ni ndugu mliyegombana naye. Yatupasa kuomba, na yatupasa pia kumtengenezea njia yule tunayemwomba Mungu amlete. Soma Luka 1 kidogo kidogo juma hili. Usiharakishe.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe maombi tuliyoyasema bila kungoja. Utufungue kinywa tuseme neno la amani, utufungue na mlango. Ukutane na kila nyumba inayomngojea mtu Krismasi hii, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.