Tandiko la Kimarekani: Tuanze na Mgongo wa Farasi



Tandiko la Kimarekani lilibuniwa kwa wachunga ng'ombe walioshinda juu ya farasi kutwa nzima. Ndiyo sababu ni pana, ni zito, na mbele lina pembe ya kufungia kamba. Wanunuzi wengi huvutwa na nakshi za ngozi. Sisi twawasihi muanze na kiunzi kilichofichika chini yake.

Kiunzi chembamba hubana mabega ya farasi. Kilicho kipana mno huteremka na kuegemea uti wa mgongo. Msitegemee lebo pekee, kwani vipimo vya upana havilingani baina ya watengenezaji. Lijaribuni juu ya farasi wenu, bila blanketi, nyuma ya mfupa wa bega, wala lisipite ubavu wa mwisho. Baada ya safari, tazameni jasho. Doa kavu kando ya uti, ilhali sehemu nyingine zimelowa, mara nyingi huonyesha mahali panapobanwa.

Mpandaji naye apimwe. Kikalio huhesabiwa kwa inchi, na watu wazima wengi hutoshwa na 15 au 16.

Kwa tandiko lililokwisha kutumika, shikeni mbele na nyuma, kisha mlikamue kwa nguvu. Likikunjika kama kitabu au likilia, yamkini kiunzi kimevunjika, na bei nafuu hiyo ni ya kuachwa. Haki ya kulirudisha iandikwe kwenye risiti, pamoja na idadi ya siku, kabla hamjalipa.