Umeme wa Cahora Bassa na Hesabu ya Ulinzi

Kwa muda wa miaka mingi, mitambo ya umeme ya bwawa la Cahora Bassa, katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji, ilikaa karibu bure. Bwawa lilikuwa zima. Maji ya Zambezi hayakupungua. Mitambo mitano, kila mmoja wenye uwezo wa megawati 415, ilikuwa imekwisha kufungwa mahali pake. Kilichokosekana ni njia ya kuufikisha umeme kwa mnunuzi, kwa maana nguzo za chuma zilizobeba waya kutoka Songo hadi kituo cha Apollo nchini Afrika Kusini zilikuwa zimelazwa porini, moja baada ya nyingine. Vita vilipokwisha, ilionekana kwamba karibu nguzo 1,900 hazina budi kusimamishwa upya.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kama habari ya hujuma, na hujuma ilikuwa kweli. Waliozilipua nguzo ni wapiganaji wa Renamo, kundi lililoundwa chini ya utawala wa walowezi wa Rhodesia na baadaye likalelewa na Makaburu wa Afrika Kusini. Ajabu ni kwamba umeme uliokatwa ulikuwa ukinunuliwa na Afrika Kusini hiyo hiyo. Lakini kwa askari na polisi, habari hii ina upande mwingine ambao hauzungumzwi sana. Je, njia ile ingeweza kulindwa? Swali hilo halijibiwi kwa ushujaa peke yake. Linadai hesabu.

Elimu inayoshughulika na maswali ya namna hiyo huitwa utafiti wa operesheni. Ilikua Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale wakuu wa majeshi walipowaita wanasayansi, si kwa ajili ya kubuni silaha mpya, bali kuchunguza jinsi silaha zilizokuwapo zilivyotumika. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Patrick Blackett, mwanafizikia ambaye katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa afisa wa jeshi la maji.

Ndege za doria za Waingereza zilikuwa zikidondosha juu ya nyambizi za Wajerumani mabomu yaliyotegwa kulipuka katika kina cha futi 100. Sababu yake ilionekana kuwa nzuri: nyambizi ikiiona ndege huzama, na hadi bomu litakapofika, itakuwa imekwenda chini sana. E. J. Williams, mmoja wa wanasayansi hao, alizisoma taarifa za marubani wenyewe. Akaona kwamba nyambizi iliyokwisha kuzama kiasi hicho ilikuwa pia imekwisha kupotea machoni, na rubani hakujua tena pa kulenga. Ile iliyoweza kulengwa sawasawa ilikuwa bado juu ya maji, au ndiyo kwanza inaanza kuzama. Mabomu yakategwa yalipuke karibu zaidi na uso wa maji, na mwishowe katika futi 25. Hapakununuliwa ndege hata moja, wala baruti haikuongezwa, lakini nyambizi zilizozamishwa ziliongezeka mara kadhaa.

Uchunguzi wao wa pili ndio unaohusu nguzo za Msumbiji. Meli za mizigo zilivuka bahari ya Atlantiki kwa misafara, zikizungukwa na manowari za ulinzi, na wakuu wengi waliamini kwamba msafara mdogo ni salama kuliko mkubwa. Kundi la Blackett lilipozipitia kumbukumbu za mwaka 1941 na 1942, lilikuta kinyume. Msafara mkubwa ulipoteza sehemu ndogo zaidi ya meli zake. Sababu yake mtu aweza kuiona kwenye uwanja wa gwaride. Uwanja wa hatua 100 kwa 100 una mzingo wa hatua 400. Ukipanuliwa uwe hatua 200 kwa 200, nafasi ya ndani inakuwa mara nne, lakini mzingo unakuwa mara mbili tu. Walinzi husimama kwenye mzingo. Kwa hiyo kadiri vinavyolindwa vinavyokusanywa pamoja, ndivyo kila mlinzi anavyolinda mali nyingi zaidi.

Njia ya umeme ni kinyume kabisa cha msafara wa meli. Ni mzingo mtupu, hauna ndani. Kutoka Songo hadi Apollo ni kilomita 1,420, na karibu 900 kati ya hizo ziko katika ardhi ya Msumbiji. Tena waya zimepita katika safu mbili za nguzo zilizoachana kiasi cha kilomita moja, ili ajali moja isizikate zote mbili. Kwa mhandisi huo ulikuwa uangalifu. Kwa kamanda, ilikuwa ni kuongezewa mstari wa pili wa kulinda.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kila baada ya kilomita tatu pangewekwa lindo la askari kumi. Hayo ni malindo 300 na askari 3,000. Kumi hao hawawezi kukesha wote, basi usiku wangekuwa macho watatu, wakitembea kilomita tatu za kichaka gizani. Waongezwe walio likizo, wagonjwa, madereva wa kupeleka chakula na maji, na wale wa kubadilishana zamu, na idadi hiyo itapanda mara mbili au tatu. Jeshi la nchi changa lenye vita katika karibu kila mkoa halikuwa na askari hao. Adui naye hakuhitaji kushinda popote isipokuwa kwenye nguzo moja.

Katika nchi hiyo hiyo na vita hivyo hivyo, ushoroba wa Beira ulikuwa na mwisho tofauti. Bomba la mafuta kutoka bandari ya Beira kwenda Zimbabwe, lililofungwa baada ya walowezi kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, lilifunguliwa tena mwaka 1982, na Zimbabwe ikapeleka maelfu ya askari kulilinda. Hasara hazikukosekana. Desemba 1982 matangi ya mafuta ya Beira yaliteketezwa, na Zimbabwe ikaingia mwaka mpya bila petroli ya kutosha. Reli nayo ililipuliwa mara nyingi. Hata hivyo ushoroba ulidumu. Urefu wake ni kama kilomita 300 tu, na bomba, reli na barabara vimepita karibu karibu, hata doria moja ikawa inalinda vitu vitatu. Hapa umbo lilimsaidia mlinzi.

Tanzania nayo inayajua mambo haya kwa karibu. Bomba la TAZAMA, linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lina urefu wa kilomita 1,710 na lilianza kazi mwaka 1968. Bomba la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni la kilomita 1,443. Bomba lililofukiwa ardhini si rahisi kulifikia kama nguzo iliyosimama, lakini vituo vya kusukuma mafuta viko juu na vinahesabika. Katika bomba la Hoima ni sita. Kulinda vituo sita ni kazi ya namna moja, na kulinda kilomita 1,443 ni ya namna nyingine kabisa.

Pale ambapo mstari wote haulindiki, hesabu huonyesha mlango wa pili, ambao mara nyingi husahauliwa kwa sababu hauna sura ya vita. Ikichukuliwa kwamba njia ya umeme hukatwa mara 12 kwa mwaka, na kila mara huchukua siku 20 kutengenezwa, giza ni siku 240. Ulinzi ukiongezwa hata mashambulizi yapungue nusu, giza ni siku 120. Lakini mashambulizi yakibaki yale yale 12, na nguzo za akiba zikawekwa tayari, pamoja na mafundi na magari, hata matengenezo yachukue siku tano, giza ni siku 60. Askari basi huwekwa kumlinda fundi, si waya. Nchini Msumbiji mlango huu nao ulizibwa, kwa kuwa maeneo yenyewe yalikuwa mikononi mwa adui, na fundi hakuweza kufika.

Hesabu hizi zote husimama juu ya taarifa za watu wa chini. Williams aliwategemea marubani walioandika kwamba walidondosha bomu na hawakupiga kitu. Koplo anayeandika katika kitabu cha lindo kwamba doria imefanyika saa nane usiku, ilhali hakuna aliyetoka, hamdanganyi mkuu wake peke yake. Makao makuu yatahesabu kwamba kipande kile kimelindwa, na askari watapelekwa kwingine.

Na kuna ambalo halikuandikwa katika daftari lolote. Waya za Cahora Bassa zilipita juu ya vijiji visivyokuwa na taa hata moja. Mwanakijiji aliyewaona wageni usiku karibu na nguzo alihatarisha roho yake kwa kutoa habari, na nguzo hiyo haikumpa chochote. Hata mji mkuu, Maputo, ulipata umeme wake kupitia Afrika Kusini.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Kabla ya kusimamisha nguzo ilibidi kwanza kuyatafuta mabomu ya ardhini kando ya njia. Umeme ulirudi kwenda Apollo mwishoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2007 Msumbiji ikachukua kutoka kwa Ureno sehemu kubwa ya umilikaji wa bwawa.