Mwenye Kiwanda Aenda Debeni



Mwaka 1992, Kenya ilipokuwa inajiandaa kurudi kwenye uchaguzi wa vyama vingi, kundi la wanawake lilifika nyumbani kwa Charity Kaluki Ngilu likiimba. Mwenyewe ameisimulia habari hii mara nyingi: alikuwa jikoni akiosha vyombo, wakamwambia aviache, agombee ubunge wa Kitui ya Kati. Waandishi wa habari waliipenda mno hadithi hiyo, nami sidhani kama imemtendea haki. Humfanya aonekane mama wa nyumbani aliyeokotwa kwenye karai la vyombo, ilhali alikuwa mkurugenzi wa kiwanda cha plastiki. Alikuwa amewahi kuwa mhazili katika Benki Kuu ya Kenya, akauacha mshahara wa kila mwisho wa mwezi, akaingia kwenye biashara. Nyimbo za akina mama zilimkuta tayari ana kwake.

Tukumbuke siku zile. Mwalimu aliyeonekana kuunga mkono upinzani aliweza kupewa barua ya uhamisho wiki hiyo hiyo. Mtumishi wa serikali alichunga ulimi, na mwenye duka aliogopa kunyimwa leseni. Mwenye kiwanda naye hakuwa salama kabisa, lakini angalau mkate wake haukutoka mkononi mwa chama tawala, KANU. Ndiyo maana nasema biashara ilimpa Ngilu kitu kikubwa kuliko fedha za kampeni: ilimpa nafasi ya kusema hapana na bado akala chakula cha jioni. Alisimama kwa tikiti ya Democratic Party, chama cha Mwai Kibaki, akashinda. Wanawake waliochaguliwa kuingia Bunge lile walikuwa 6 tu.

Fedha peke yake, hata hivyo, haziimbishi watu mlangoni. Ukambani, iliko Kitui, kuna utaratibu wa mwethya, watu kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao au ya kijiji kizima, na kwa miaka mingi wanaobeba majembe wamekuwa wanawake. Ndio waliochimba matuta yanayozuia udongo kwenye milima ya Machakos na Kitui, ndio wanaosomba mawe ya mabwawa ya mchanga. Mito ya Kitui ikikauka, mwanamke huchimba shimo mchangani, akangoja maji yajichuje, akayateka kikombe kwa kikombe hadi mtungi wa lita 20 ujae, punda akisubiri ukingoni. Anayefanya hivyo kila siku hahitaji kufundishwa siasa ya maji. Vikundi hivi vina mweka hazina, na mweka hazina ana daftari: nani katoa, nani kaahidi, nani anajificha. Mfanyabiashara akisaidia mradi wa maji, jina lake huingia katika hesabu hiyo kama la mtu mwingine yeyote. Mgombea wa harambee hufika siku moja na bahasha, akapigiwa makofi, akaondoka. Daftari halina makofi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1997 Ngilu aligombea urais kwa tikiti ya chama cha SDP, kaulimbiu yake ikiwa Masaa ya Ngilu, akawa wa tano kati ya wagombea 15. Mwaka 2002 aliungana na Kibaki na mwanasiasa mwenzake Wamalwa, na serikali mpya ilipoundwa akapewa Wizara ya Afya. Mswada wake wa bima ya afya kwa wote ulipita Bungeni mwaka 2004, Rais akakataa kuutia sahihi.

Kwangu mimi miaka yake ya ugavana wa Kitui, kuanzia 2017, ndiyo yenye mafunzo zaidi, kwa kuwa hapo tunamwona mfanyabiashara akishika hazina ya umma. Alianzisha kiwanda cha nguo cha Kicotec, vijana wa kaunti wakakaa nyuma ya cherehani kushona sare za shule. Hesabu yake ni ya dukani kabisa: wazazi wa Kitui watanunua sare iwe isiwe, basi kwa nini fedha hizo zisibaki Kitui? Ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, cherehani zile zile zikageuzwa kushona barakoa.

Lakini mwaka 2018 gavana huyo huyo alipiga marufuku biashara ya makaa, miti ikiwa inakwisha. Lori la makaa likachomwa moto barabarani na ugomvi ukafika hadi kaunti ya Kiambu. Niliiona sababu ya marufuku na bado naiona. Ila mchoma makaa wa kijijini naye ni mjasiriamali, na gunia lake moja ndilo karo ya mtoto. Mwenye kiwanda hubadilisha bidhaa kwa uamuzi wa kikao kimoja. Mwenye gunia habadilishi kitu.

Miaka 30 baada ya Ngilu kuingia Bungeni, mwaka 2022, mwenye kiwanda mwingine, Tabitha Karanja, alichaguliwa seneta wa Nakuru. Yeye na mumewe walianzisha kiwanda cha vileo cha Keroche huko Naivasha mwaka 1997, wakatoka kwenye mvinyo wa bei nafuu hadi bia, sokoni kwa mpinzani mkubwa. Mwaka huo huo wa uchaguzi kiwanda chao kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mzozo wa kodi na Mamlaka ya Mapato. Sisemi kwamba mzozo ndio uliompeleka debeni. Nasema tu kwamba kwa Ngilu biashara ilikuwa mahali pa kusimama mbali na serikali, na leo mfanyabiashara wa kiasi hicho hana umbali huo. Serikali imo ndani ya mizani yake ya mauzo.

Wanafunzi mnaotafuta mada ya tasnifu, acheni kwanza viwanda, nendeni kwenye wadi. Kenya ina wadi 1,450, na mwaka 2022 wanawake waliozishinda kwa kura hawakufika sehemu moja ya kumi. Huko ndiko anakogombea mama mboga, mwenye wateja wanaomjua kwa jina na daftari la wanaodaiwa, asiye na fedha za fulana wala petroli ya pikipiki za kampeni. Wengi wa aina yake hungojea orodha za vyama za viti maalumu, na orodha hizo huandikwa na watu ambao hawajawahi kununua sukuma wiki kwake.