Akili Iliyoshikwa na Hesabu

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya neno ambalo sisi walimu hulisikia sana, nalo ni kwamba maskini hafikiri. Husahau mkutano wa wazazi, hukopa kwa riba kubwa, hununua mafuta ya kupimiwa kila siku ingawa chupa nzima ni rahisi zaidi. Watu humtazama wakasema, "Laiti angalitumia akili!"

Basi, akili hiyo imepimwa. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa Uhindi, mkulima wa miwa hupata sehemu kubwa ya fedha yake kwa mkupuo mmoja, baada ya mavuno. Wataalamu waliwaendea wakulima 464 wa vijiji 54, wakawapa mafumbo kabla ya mavuno na tena baada yake; habari zao zilichapishwa mwaka 2013. Kabla ya mavuno, 78 katika kila 100 walikuwa wameweka kitu rehani. Baada yake, 4 tu. Na mtu yule yule aliyeshindwa na mafumbo wakati wa dhiki aliyafumbua vizuri zaidi alipokwisha kulipwa.

Akili yake haikuwa imeondoka. Ilikuwa na mgeni. Deni hukaa kichwani kama mgeni asiyeaga: mtu akisoma barua, lamwuliza, akimsikiliza mtoto, lamkatiza. Mwenye mali akikosea bei ya unga, hasara yake ni ndogo. Maskini akikosea, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo hana budi kuhesabu mambo ambayo mwenzake hayafikirii hata kidogo. Na saa zake ni hivyo hivyo. Kibarua alipwaye kwa siku, ukimwita shuleni saa tatu asubuhi, umemwomba chakula cha jioni.

Haifai kuficha kwamba utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2016, uliowapima watu kabla na baada ya siku ya mshahara, haukuona tofauti hiyo. Mimi naona dhiki ya siku chache si sawa na dhiki ya miezi. Lakini wataalamu wangali wakibishana.

Wakati huo huo, tazameni Busia, magharibi ya Kenya. Wakulima wengi walikusudia kununua mbolea ya chumvichumvi, lakini siku za kuitia zilipofika, fedha ilikuwa imekwisha. Katika mpango ulioitwa SAFI, waliendewa mara baada ya mavuno, wakauziwa mbolea kwa bei ile ile ya kawaida, wakaahidiwa kuletewa nyumbani bila malipo. Walioitumia wakaongezeka sana. Bei haikupunguzwa, ilibadilika saa ya kuuza, na safari ya dukani ikaondolewa.

Nanyi walimu mnaonisikia, kabla ya kuandika tarehe za michango na mikutano ya mwaka ujao, waulizeni wazee wa kijiji mazao yao huuzwa mwezi gani, na vibarua hurudi nyumbani saa ngapi.