Guanini Iliyo Wazi: Mahindi, Ini na Umbo la DNA
Mhadhara wa umma, Kilungu



Kufikia Julai 2004, watu 317 walikuwa wameugua na 125 kufariki kwa mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sampuli za sokoni zilipopimwa, zaidi ya nusu zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 katika bilioni. Asilimia 7 zilipita 1,000. Wale 125 tuliwahesabu. Leo nawazungumzia tusiowahesabu: waliokula sumu hiyo kidogo kidogo, wasilazwe, wakaendelea na jembe. Madhara yao yamo ndani ya DNA.

Umbo la DNA lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea sana picha ya eksirei iliyotoka maabara ya Rosalind Franklin, ambaye kwa maoni yangu hajalipwa haki yake hadi leo. Akina mama mnaosokota katani ya kyondo mtanielewa upesi kuliko wanafunzi wangu: ni nyuzi mbili zinazozungukana, upana nanomita 2 tu. Katikati mna besi zilizooana, adenini na thaimini, guanini na sitosini. Ni bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine kwa nafasi ya nanomita 0.34.

Aflatoksini nayo ni bapa. Ikiingia mwilini haina nguvu ya kuishika DNA; ni ini lenyewe, katika kujaribu kuitoa, linaloigeuza kuwa epoksidi kali. Epoksidi hiyo hujipenyeza kati ya besi, msokoto ukalegea, ikanasa guanini. Mbona guanini? Vifungo vyake vitatu vya haidrojeni vimeelekea kwa sitosini, lakini nitrojeni yake ya saba haimo katika ndoa hiyo. Iko wazi kwenye mfereji mpana wa msokoto, na haiwezi kufichwa, kwa sababu protini nyingi huigusa hapo zinapoisoma DNA bila kuifungua.

Mara nyingi seli hujirekebisha. Guanini iliyonaswa hung'oka na kutoka na mkojo, na maabara zinaweza kuipima humo. Isiporekebishwa, DNA inaponakiliwa thaimini huweza kukaa mahali pa guanini. Mwaka 1991 watafiti wa saratani ya ini kutoka Qidong, China, na kusini mwa Afrika walikuta badiliko hilo likijirudia mahali pamoja: herufi ya tatu ya kodoni 249 ya jeni p53, jeni inayozuia seli kugawanyika ovyo. Anayekula sumu hii akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari yake ya saratani ya ini huongezeka maradufu na zaidi.

Isyo yetu ya mahindi na maharagwe hata ichemke usiku kucha, sumu haitoki. Moto wa jikoni hauivunji. Kukoboa mahindi ya muthokoi huipunguza, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini mahindi ya 2004 yaliharibika mapema: yalihifadhiwa yakiwa na unyevu, mengi ndani ya nyumba za kulala. Kwa hiyo ninaiomba kaunti mambo mawili. Kila soko, kuanzia Nunguni, liwe na kipimo cha unyevu, mkulima apimiwe bure, na mahindi yanayozidi asilimia 13 yarudi juani. Na kila saratani ya ini iandikwe pamoja na kijiji cha mgonjwa.