Nyumba ya Himbi ambayo hatukununua

Maneno ya kamati mbele ya wanamemba, mkutano mkuu wa 2024, Goma



Tumesimama hapa watu watano wa kamati kwa sababu kosa tulilifanya tukiwa watano. Mulitutuma tununue nyumba. Hatukununua. Katika mfuko wenu zilitoka dola 8,000, zikarudi 5,500. Tutaeleza yote, kisha mutuulize bila kuona haya.

Tuanze na sababu. Chama chetu kilianza kama likelemba ya watu waliorudi kutoka Nakivale, Kyangwali, Kakuma na kwingine. Munajua hali ya mtu akirudi Goma. Anatafuta chumba cha mbao Ndosho ao Majengo, mwenye nyumba anadai garanti ya miezi kadhaa mbele, na mrudi huyo hana hata sufuria. Njo maana mulisema: tutafute nyumba ya etaji yenye apatima. Chini tuweke ofisi na vyumba viwili vya wanaofika, juu tupangishe. Na mulitaja mahali: Himbi.

Hesabu yenu haikuwa mbaya. Himbi, kama Les Volcans na Katindo, ilikuwa kartie ambako mashirika na wafanyakazi wa UN walikuwa wanatafuta nyumba, na kodi ilikuwa inalipwa kwa dola. Apatima mbili za pale zingelisha mfuko wa wagonjwa na wa matanga. Lakini tusidanganyane, jina nalo lilitutamanisha. Mtu aliyekaa kwenye hema miaka kumi, akisikia "tuna nyumba Himbi", kifua kinapanda.

Sasa tuseme jambo moja la sheria, kwa sababu kila kitu kimetokea hapo. Kwetu Goma, kwa kawaida, mtu hanunui apatima moja ndani ya jengo. Ananunua parseli pamoja na kilichojengwa juu yake. Na ardhi yenyewe, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ni mali ya Serikali. Raia anapata haki ya kuitumia, ile tunayoita konsesio, na karatasi inayothibitisha haki hiyo ni moja: sertifika ya usajili inayotolewa na konsevateri wa hati za nyumba na ardhi. Akti ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartie inaonyesha kwamba watu wawili walipatana. Haionyeshi kwamba aliyeuza alikuwa na kitu cha kuuza.

Hiyo tulikuwa tunaijua. Tuliisahau siku tulipoiona nyumba.

Komisioneri alitupeleka asubuhi. Ukuta wa mawe ya volkeno, geti la chuma, apatima nne, ziwa linaonekana ukisimama juu. Bei: dola 85,000. Watu wanaojua mji walituambia kwamba nyumba ya namna ile Himbi haipatikani kwa bei ile. Tulipaswa kuogopa. Tukafurahi. Tulipouliza sertifika, muuzaji akasema iko kwa konsevateri, inatoka wiki ijayo. Akatuonyesha akti ya mauzo ya zamani na fotokopi ya fishi ya parseli. Komisioneri naye akatusukuma: "Makaratasi yote iko. Mulipe avansi leo, kesho mutu mwingine atabeba." Tukalipa 8,000. Katika hizo, 3,000 zilikuwa za wafadhili.

Aliyetuokoa si mtu wa sheria. Ni mama mmoja wa chama chetu anayeuza sambaza Kituku. Hakuwa ndani ya kamati. Alisema tu: "Mimi nitaenda kuuliza sentineli." Akaenda na samaki kidogo, akakaa naye getini. Sentineli akamwambia mwenye nyumba ni mjane, amekimbilia Kampala na watoto, na kila mwezi anamtumia yeye makuta ya ulinzi kwa simu. Yule aliyekuwa anatuuzia ni shemeji yake, ndugu wa marehemu bwana yake.

Tulimpigia simu huyo mama jioni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Nyinyi njo munanunua nyumba yangu?" Hatukuwa na jibu. Sertifika alikuwa nayo mkononi, yenye jina lake na la bwana yake. Aliondoka Goma na watoto watatu, begi moja, na karatasi hiyo ndani ya plastiki.

Ndugu zetu, hapa hatutasema kwamba wote tulikubaliana mara moja. Tulipoita mkutano mdogo, wengine walisema: "Tuendelee. Yule mama hatarudi. Na tusiponunua sisi, mwingine atanunua." Wengine walisema makuta yetu yamekwisha kutoka, tukiacha tutapoteza. Si watu wabaya waliosema hivyo. Ni watu waliochoka kupanga.

Lakini ndani ya kamati hii wawili walirudi wakakuta watu wengine wanapika ndani ya nyumba zao. Mmoja aliondoka wakati wa vita ya 1996, mwingine wakati wa RCD. Wote wawili waliambiwa neno lile lile: "Tulinunua, tunayo akti." Na yule aliyewanunulia hakuwa mwizi wa bunduki. Alikuwa mtu mwenye familia, aliyekuta bei nzuri, hakuuliza sentineli.

Na wasiokimbia nje ya nchi nao wanajua. Mkumbuke Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na tarehe 27 gavana akaamuru kartie 10 zihame. Tukashika barabara, wengine Sake, wengine Gisenyi, na milango tukaifunga kwa kufuli tu. Je, kuna aliyesema kwamba nyumba zetu hazina wenyewe kwa sababu zilikuwa tupu? Tena, tangu vita ya M23 irudie, kuna familia zilizofunga nyumba na kuondoka, na mwaka huu wa 2024 kambi pembeni ya mji zilijaa. Nyumba tupu zitakuwa nyingi, na bei nzuri zitakuwa nyingi. Chama cha watu waliorudi kikinunua nyumba ya mtu ambaye hajarudi, jina letu litakuwa na maana gani?

Tuliacha. Kudai avansi kulichukua miezi minne, mbele ya wazee wa familia yao. Zilirudi 5,500. Zilizobaki, 2,500, sisi watano tutazilipa kutoka mifukoni mwetu, dola 500 kila mmoja, kidogo kidogo hadi mwisho wa mwaka ujao. Za wafadhili tumezirudisha za kwanza, zote 3,000, katika zile zilizorudi. Daftari iko mezani, kila mtu aisome.

Sasa, kwa sababu wengi wenu munatafuta parseli zenu wenyewe, hata kama si Himbi, pokeeni tulicholipia.

Kwanza, msilipe hata avansi kabla ya kuona sertifika yenyewe, si fotokopi. Ina namba ya volimu na ya folio. Nendeni na namba hizo kwa konsevateri, muombe kwa maandishi ahakikishe ndani ya kitabu chake jina la nani limeandikwa, na kama kuna deni ao kesi juu yake.

Pili, muulize ndoa na urithi. Kodi ya Familia inadai bibi na bwana wote wakubali nyumba ikiuzwa. Mwenyewe akiwa amekufa, muulize warithi wote ni nani, pamoja na walio mbali. Mtu aliye Kampala bado ni mrithi.

Tatu, muende pale bila komisioneri. Muulize sentineli, muulize jirani wa kushoto na wa kulia, muulize mama anayeuza mkaa pembeni. Na kama parseli iko upande wa ziwa, kuelekea Keshero na Mugunga, muulize pia kuhusu mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini. Muuzaji hawezi kuwaambia. Jirani atawaambia.

Ine, makuta yalipwe mbele ya notere, na sehemu kubwa ibaki mpaka sertifika mpya itoke kwa jina la mnunuzi. Bila hiyo, munakuwa na nyumba mdomoni tu.

Kwa chama kuna la tano. Wengine walipendekeza tuandikishe nyumba kwa jina la prezida, kwa sababu konsesio ya milele inapewa mtu, raia wa Kongo, lakini chama kinapewa ya kawaida tu, isiyozidi miaka 25, kisha inarudiwa. Ni kweli. Lakini prezida akifa, watoto wake ndio watarithi jasho lenu, na hawatakuwa na kosa. Heri miaka 25 kwa jina la chama kuliko milele kwa jina la mtu mmoja.

Basi tumefika wapi? Bado tunapanga ofisi yetu Katindo, chumba kimoja, munakijua. Makuta ya nyumba yako salama, na tutaendelea kutafuta, Himbi ao kwingine. Yule mama wa sambaza tunaomba mumchague leo aingie kamatini, achunguze kila parseli kabla yetu.

Na mjane wa Kampala alitupigia tena juzi. Anauliza kama chama chetu kinapokea wanamemba ambao hawajarudi bado. Kamati inaona tumpokee. Lakini chama ni chenu, hilo mulijibu nyinyi, kwa kunyoosha mikono.