Pipa lenu lilibeba nini?

Haya ni kwenu mama zetu mnaopika kasiksi, ambayo hapa Uganda huitwa tonto. Kabla ya kununua pipa, ulizeni lilibeba nini. Kama ni dawa ya pamba, sabuni na maji ya moto havitalisafisha. Liacheni, hata likiwa rahisi. Ndoo ya bati nayo hapana: uchachu wa pombe unakula zinki, mnywaji anatapika na tumbo linamkata. Na wanywaji ni majirani zetu. Sufuria ya inoksi ni ghali, ninajua. Changeni watatu, wanne, mnunue moja sokoni Mpondwe. Ichunguzeni ndani, pale ilipochomelewa. Mkiona kutu, rudisheni. Pesa ikikosekana, mtumbwi wa mti wa bibi zetu bado unafaa.